Leicester na Brick Lane: Wahindi waliotoka kwetu, Wabengali waliotoka Sylhet, na kwa nini maisha yao yalienda njia mbili

Kuna ubishi mmoja hauishi kwenye vijiwe vya watu wetu walioko Uingereza. Mbona Wahindi waliotoka Uganda na Kenya walitua na sanduku moja na leo wana maduka, wana famasi, watoto wao ni madaktari na mawaziri, mpaka Oktoba 2022 Rishi Sunak akaingia kwenye uwaziri mkuu, baba yake kazaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, halafu Wabangladeshi wa East London, watu ambao kwa macho ya Mzungu wa kawaida ni walewale tu, wamekaa miongo kwenye fleti za halmashauri na kila takwimu ya umaskini wa watoto ikitoka wao wako pale juu pamoja na Wapakistani. Na jibu la haraka kila mtu analo mfukoni: "Mhindi biashara iko kwenye damu". Mimi hilo jibu silikubali hata kidogo, na nitachukua sehemu mbili tu, Leicester, mji wa katikati ya England, na Tower Hamlets, halmashauri ya East London ambamo mtaa wa Brick Lane umo, tusizunguke nchi nzima tukapotea.

Tuanze na Leicester maana hii ina mkono wetu kabisa. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza Waasia wenye pasipoti za Kiingereza waondoke Uganda, akawapa siku 90. Waliofika Uingereza ni zaidi ya 27,000. Familia iliruhusiwa kutoka na kama pauni 50 hivi, na barabara ya Kampala kwenda Entebbe ilikuwa na vizuizi vya wanajeshi, wanapekua mabegi, bangili na mikufu inaishia hapohapo. Kwa hiyo mtu akisema walifika mikono mitupu, kwa upande wa hela ni kweli kwa walio wengi. Serikali ya Uingereza ikawaweka kwenye kambi za zamani za jeshi, Stradishall, Greenham Common na nyinginezo, ikaunda bodi ya kuwagawa, na bodi ikaipaka nchi rangi, maeneo mekundu yameshajaa msiende, ya kijani karibuni. Leicester ilikuwa nyekundu. Tena halmashauri ya Leicester haikuishia hapo, Septemba 1972 ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kulekule Kampala, kuwaambia watu kwamba kwa faida yao na ya familia zao wasije Leicester, nyumba hakuna, shule zimejaa. Mpaka leo inasimuliwa kama kichekesho kwamba kuna waliokuwa hawajawahi hata kuisikia Leicester mpaka walipolisoma lile tangazo.

Ila sasa tangazo peke yake halimpeleki mtu mahali. Leicester tayari kulikuwa na wenzao. Kenya ilianza kubana leseni za biashara kwa wasio raia mwaka 1967, Wahindi wa Nairobi wenye pasipoti za Kiingereza wakaanza kuondoka kwa wingi, London ikashtuka mpaka bunge likapitisha sheria ya kuwazuia ndani ya siku tatu tu mwaka 1968, raia wake wenyewe hao. Kwetu Tanzania nako mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa yakawa chini ya Msajili wa Majengo, wengi waliokuwa wanakaa Upanga na Kariakoo wakafunga virago. Kwa hiyo yule wa Kampala alipoambiwa siku 90, tayari alikuwa na binamu Leicester mwenye miaka minne mitano pale, anajua kiwanda gani kinachukua watu, anajua mwenye nyumba gani hana shida na Wahindi.

Na nyumba zilikuwepo, halmashauri iseme inavyosema. Belgrave na Highfields zilikuwa zimejaa nyumba za zamani za matofali zilizoshikana, Waingereza wanazikimbia, bei ya chini. Familia mbili tatu zinachanga, wananunua moja, wanabanana humo, wakilipa wananunua ya pili. Viwanda navyo vilikuwepo, Leicester ulikuwa mji wa soksi, sweta, viatu na mashine, na miaka ile ya mwanzo ya 70 walikuwa bado wanatafuta mikono.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana watu huwa wanaruka moja kwa moja kwenye duka la kona na sari za Belgrave Road. Kabla ya duka kulikuwa na kiwanda, na aliyekwenda kiwandani kwa kiasi kikubwa ni mama. Mwanamke ambaye Jinja au Kisumu alikuwa anakaa nyuma ya kaunta ya duka la mumewe, au alikuwa mwalimu, sasa yuko kwenye mashine ya kushona soksi analipwa kwa kipande, mume ambaye alikuwa tajiri mwenye vijana sita dukani sasa anafagia sakafu ya karakana zamu ya usiku, bibi yuko nyumbani na wajukuu. Mishahara miwili, wakati mwingine mitatu, chini ya paa moja ambalo linakaribia kulipwa. Huo ndio mtaji wa lile duka la magazeti, hakuna cha damu hapo. Na hilo duka likafunguliwa alfajiri mpaka usiku, Jumapili nayo, kwa sababu kazi ya kuajiriwa iliyolingana na elimu yake hakuna aliyempa.

Wala si kwamba walikuwa wapole wanameza tu. Mei 1974 pale Leicester wafanyakazi Waasia wa Imperial Typewriters, wengi wao kutoka Uganda na Kenya, waligoma. Walikuwa wanapaswa kulipwa bonasi ukianza kutoa mashine za kuchapa 168, wakagundua wanalipwa kuanzia 200. Chama cha wafanyakazi kilichokuwa kinawakata ada kila wiki kikakataa kuutambua mgomo wao. Mwaka uliofuata kampuni ikafunga kiwanda. Kuna yule mama mwingine, Jayaben Desai, huyu aliishi Tanzania kabla ya kwenda Uingereza, Agosti 1976 akaongoza mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick kule London, ukaenda mpaka 1978, na wakashindwa. Na mwaka huohuo 1976 National Front, chama cha wabaguzi cha wazi kabisa, kilipata karibu asilimia 18 ya kura za halmashauri ya Leicester. Nayataja haya kwa sababu hadithi ya "walifika wakafanikiwa" imepigwa msasa sana, hasa na wanasiasa ambao wazee wao walikuwa wanapiga kelele wasije.

Sasa hebu twende Brick Lane.

Wabengali wa Tower Hamlets wengi mno wanatoka sehemu moja, Sylhet, kaskazini mashariki ya Bangladesh, vijiji vya mpunga. Walianza kufika kwa meli. Meli za Waingereza zilizokuwa zinatoka Kolkata zilikuwa zinachukua vijana wa Sylhet kupakia makaa kwenye matanuri, kazi ya chini kabisa melini, serahangi, yaani mnyapara wa mabaharia, wa kijiji chao ndiye anayewaajiri na ndiye anayewadai. Baadhi wakishuka London hawarudi melini. Ilipokuja sheria ya 1962 ya vibali vya kazi, aliyetangulia akamtafutia kibali mdogo wake, mdogo mtu akamtafutia shemeji, wote wanaume, wanalala kwa zamu vyumba vya Spitalfields, palepale Brick Lane, huyu akiamka kwenda kiwanda cha nguo yule anatoka zamu anapanda kitanda hichohicho chenye joto bado.

Na hela haikukaa London. Ilikwenda nyumbani. Sylhet mtu wa namna hiyo anaitwa Londoni, na ukipita vijiji vya Beanibazar au Moulvibazar unaona majumba ya ghorofa mbili, mageti, nguzo, vioo vya rangi, katikati ya mashamba ya mpunga, mengine hayana mtu ila mlinzi. Yamejengwa na watu ambao huko London walikuwa wanakaa chumba chenye ukungu ukutani. Wahenga wetu wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hawa mabaharia waliiamini kabisa, kwamba hii ni miaka michache ya kuchuma halafu tunarudi, nani anunue nyumba London ambako hatazikwa?

Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa chote kilipo. Mhindi wa Kampala mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Uganda hawezi kurudi, duka lake kashapewa mtu, India ni nchi ya babu yake ambayo yeye hana hata shamba huko, kwa hiyo kila senti aliyopata ilibaki Leicester, nyumba Leicester, duka Leicester, ada ya mtoto Leicester. Wa Sylhet mlango wake ulikuwa wazi, mke yuko kule, mama yuko kule, shamba liko kule, naye akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya, akajenga kwao. Wangapi wetu tuko Dubai, Muscat, Minnesota tunafanya hivyohivyo, tunapanga chumba na watu wanne huku tunapiga lipu ghorofa Mbezi? Hakuna anayetuita wavivu.

Kilichoharibu ni muda. Bangladesh ilipita kwenye vita vya 1971, maisha yakawa magumu, London nako sheria zikabana, wanaume wakaona bora familia zije huku. Wakaanza kuomba. Foleni ya viza Dhaka ikawa ya miaka, maofisa wanamhoji mke na mtoto mbalimbali, kuku wa jirani rangi gani, mlango wa jikoni unaangalia wapi, majibu yakitofautiana wanaambiwa nyinyi si familia. Cha ajabu, kipimo cha DNA cha kutambua ukoo kilibuniwa Leicester, na Alec Jeffreys wa chuo kikuu cha palepale mwaka 1984, na kilipoanza kutumika kwenye maombi haya, familia nyingi zilizokuwa zimekataliwa zikaonekana ni za kweli, baba ni baba na mtoto ni mtoto. Lakini huyo mtoto aliyenyimwa viza akiwa na miaka sita sasa anaingia London ana miaka kumi na nne, Kiingereza hana, mitihani mikubwa iko miaka miwili mbele. Huyo utamlinganisha vipi na yule wa Kampala aliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea?

Na hili la shule tusilipite juujuu sisi tunaolijua. Wahindi wa Afrika Mashariki hawakuwa na elimu ile kwa bahati. Mkoloni alipanga ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, akawafungia Wahindi ardhi nzuri ya Kenya na papo hapo akawaachia biashara, ukarani na shule bora kuliko zetu. Kwa hiyo kile alichoshuka nacho Stansted mwaka 1972, Kiingereza, kujua kuandika vitabu vya hesabu, kujua namna ya kuongea na ofisa wa serikali ya Kiingereza bila kutetemeka, alipewa kwenye mfumo ambao babu zetu waliulipia. Mwanajeshi wa Amin alipekua begi, hicho hakukiona. Wako pia wenye nacho waliokuwa wameshahamisha hela mapema, hasa wa Nairobi, ila hao hawasimuliwi sana kwenye zile hadithi za sanduku moja.

Familia za Sylhet kwa wingi wake zilikuja mwishoni mwa miaka ya 70 na miaka ya 80, na London waliyoikuta ilikuwa inabomoka. Bandari zilizokuwa zinalisha East End zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, West India Docks ikafungwa 1980, viwanda vya nguo na ngozi vya Brick Lane vinapunguza watu na kupeleka kazi majumbani. Mke wa Sylhet naye alifanya kazi, hili watu hawalisemi, alikuwa na cherehani chumbani, gari linakuja asubuhi linashusha mzigo wa mifuko ya koti au bitana, jioni au kesho linakusanya, malipo kwa kipande na hakuna karatasi. Kazi hiyo haikumpa Kiingereza, haikumpa mwenzake wa kiwandani, haikumpa chama wala pensheni. Yule wa Leicester kiwandani angalau alitoka nje, akajua basi namba ngapi, akagoma siku moja. Cherehani mbili, matokeo hayafanani.

Usalama nao. Tarehe 4 Mei 1978 kijana wa kiwanda cha nguo, Altab Ali, alichomwa kisu karibu na Brick Lane akitoka kazini, akafa. Siku kumi baadaye maelfu walitembea nyuma ya jeneza lake mpaka Downing Street. Leo kuna bustani yenye jina lake pale Whitechapel. Watu waliokuwa wanapewa nyumba za halmashauri kwenye mitaa ya Wazungu walikuwa wanazikataa kwa kuogopa kuchomewa mlango, wakavamia majengo matupu ya Spitalfields kwa mamia wakakaa pamoja. Mwaka 1993 chama cha BNP, wabaguzi wa aina ya National Front, kilishinda kiti cha udiwani Millwall, ndani ya Tower Hamlets hiyohiyo, na mbio za kampeni zilikuwa kuhusu nani apewe nyumba. Huku jengo refu la Canary Wharf limeshasimama tangu 1991, mabenki yanahamia, na kwenye fleti za jirani watoto sita wanalala chumba kimoja. Kumbuka pia nyumba ya Leicester ilinunuliwa kwa bei ya 1973 na ikapanda na mwenye nayo akapanda nayo, wengi wao wazee sasa wameshahamia Oadby, kitongoji kando ya Leicester, kwenye bustani na magari mawili. Fleti ya halmashauri unalipia kodi miaka thelathini, ukitoka hutoki na kitu. Waliobahatika kuziuziwa kwa punguzo walipata nafuu, wengine hawakuwa na hata hiyo amana ya kuanzia.

Kuna pingamizi moja lazima nilijibu maana najua linakuja: "Basi ni dini, wale Wahindu hawa Waislamu." Hapana. Kati ya waliofukuzwa Uganda walikuwepo Ismailia, Bohora, Ithnaasheri, Waislamu kabisa, na wao walipanda sawa na wenzao, Ismailia wengi walichukuliwa Canada mwaka uleule 1972 na huko wako vizuri sana. Na pingamizi la pili, kwamba Mbengali hajui biashara, hilo linachekesha zaidi, kwa sababu migahawa ya "Kihindi" Uingereza, ile yenye kuku tikka masala kila mji mdogo mpaka Scotland, inasemwa miaka yote kwamba karibu nane kati ya kumi ni ya watu wa Sylhet. Ni biashara, tena kubwa, ila ni biashara ya usiku, ya faida ndogo, na inataka wanaume wa ukoo mmoja jikoni mpaka saa saba usiku baa zikishafungwa. Baba anarudi mtoto kalala, mtoto anaondoka kwenda shule baba kalala. Homework anaangalia nani?

Na Leicester yenyewe tusiipambe. Mji ule kipato cha kaya ni cha chini ukilinganisha na miji mingi ya nchi ile, na mwaka 2020 zikafumuka habari za karakana za nguo zinazolipa chini ya kima cha chini cha mshahara, wanaofanya kazi humo wengi ni wahamiaji wa karibuni waliotoka moja kwa moja India. Gujarati hawa pia, lugha moja, mahekalu yaleyale, ila hawakupita Kampala, hawana ile shule wala ule Kiingereza, na wamefika wakati viwanda vizuri havipo. Kama ni damu, damu si ndiyo hiyohiyo?

Sasa upande wa watoto mambo yamegeuka kwa namna ambayo wazee wa kijiweni hawajaisikia. Mwaka 1997 Tower Hamlets ilikuwa ya mwisho kabisa kimasomo kati ya halmashauri zote za England. Serikali ikamwaga hela, halmashauri ikaajiri wasaidizi wa walimu kutoka mitaani, akina mama wa Kibengali wenyewe, ikakaa na maimamu kuhusu ile tabia ya kuwapeleka watoto Sylhet wiki sita katikati ya muhula, maana mlango bado ulikuwa wazi na bibi anataka kuwaona wajukuu. Maimamu wakalisema msikitini. Ndani ya miaka kumi na tano shule zile zikawa zinatolewa mfano, na kitaifa watoto wa Kibangladeshi wakawapita Waingereza weupe kwenye mitihani ya miaka kumi na sita, wasichana hasa. Rushanara Ali, mzaliwa wa Sylhet, akaingia bungeni 2010 kutoka Bethnal Green, hukohuko Tower Hamlets.

Migahawa sasa inakosa wapishi na inauzwa, kwa sababu kijana mwenye digrii hataki kukaanga vitunguu mpaka usiku wa manane, na baba yake hataki akae huko pia. Ila mshahara haujafika cheti kilipofika, hilo takwimu zinaonyesha wazi, Mhindi na Mbangladeshi wenye shahada bado hawalipwi sawa. Sehemu ni chuo gani alisoma, wengi wanachagua chuo cha karibu ili walale nyumbani maana kodi ya London hawaiwezi. Sehemu ni ubaguzi wa majina kwenye maombi ya kazi. Na sehemu ni kwamba yule mtoto wa Oadby ana mjomba mhasibu, shangazi mfamasia, rafiki wa baba mwenye ofisi ya sheria, akitaka nafasi ya kujifunza kazi anapiga simu moja jioni, wakati yule wa Whitechapel anaona minara ya Canary Wharf kutoka dirisha la jikoni na kwenye ukoo mzima hakuna mtu anayefanya kazi mle ndani isipokuwa binamu yake wa ulinzi, zamu ya usiku.